Toeni ngoma stoo, watoto wacheze

Kaka na dada zetu, na nyinyi mnaofanya kazi nasi hapa kambini, leo tunawasemea wadogo zetu wa miaka mitatu hadi sita.

Hapa Dzaleka, Malawi, muziki si kitu kigeni. Tuna Tamasha la Tumaini lililoanza 2014, tuna ngoma za Warundi, tuna kwaya kila kona. Lakini kuna jambo linatuuma. Sehemu nyingine ngoma za watoto zinafungiwa stoo. Wageni wakija ndiyo zinatoka. Watoto wanapangwa mstari, wanapiga walichokaririshwa, picha zinapigwa, halafu kufuli linarudi.

Jamani, hivyo mtoto anajifunza nini? Mpe ngoma, usimwambie kitu, mwangalie tu. Atapiga katikati asikie sauti nzito, atapiga pembeni asikie nyembamba. Kisha atarudia makusudi, kuhakikisha. Mpe likembe, atagundua kwamba chuma kirefu kina sauti nzito kuliko kifupi. Amejaribu, amelinganisha, amejua. Hakuna aliyemkaririsha.

Na hapa kwetu mmoja anaongea Kirundi, mwingine Kinyarwanda, mwingine Kiswahili cha Kongo. Kwenye ngoma hawatafuti mkalimani. Huyu anapiga, yule anajibu, huyu anasubiri zamu. Tayari wanaelewana.

Tunajua mtasema wataharibu. Sawa, vitu vya kuchezea huharibika. Chupa ya plastiki yenye mahindi ndani inalia kama kayamba, na ndoo iliyogeuzwa ni ngoma. Kelele? Tupatane saa na majirani. Mwalimu wa muziki hakuna? Anatosha mtu mzima mmoja wa kukaa karibu, kuangalia chupa zimefungwa vizuri wadogo wasimeze punje, na kunyamaza. Hilo la kunyamaza ndilo gumu.

Tena hatuombi huruma. Mkataba wa Haki za Mtoto wa 1989, ibara ya 31, unasema mtoto ana haki ya kupumzika na kucheza. Haukusema mpaka wageni waje.

Tunachotaka ni kidogo: saa moja kila siku, mkeka chini, sanduku wazi. Sisi vijana tuko tayari kushika zamu za kuwaangalia. Wenye funguo, tunawasubiri.