Ni Sauti ya Nani?

Kuna maneno mawili yanayosemwa kwa wepesi mno katika nyumba za Wakristo: "Mungu ameniambia." Mmoja husema hivyo akitaka kuoa, mwingine akitaka kuhama, wa tatu akitaka kuuza ng'ombe. Na mtu akishasema hivyo mabishano yamekwisha, maana nani atabishana na Mungu? Mke hunyamaza, wazee hutazamana, na ng'ombe hupelekwa mnadani. Basi leo tuyapime maneno hayo.

Chukueni mfano. Tuseme yuko baba mmoja wa upande wa Shinyanga, mkulima wa pamba. Mvua zimekuwa haba, na pamba haikumpa kitu. Siku moja anafika mpwa wake kutoka Geita, amepanda pikipiki mpya, anasimulia habari za Nyarugusu: jinsi duara moja lilivyotoa, jinsi viroba vilivyobebwa usiku kupelekwa karasha, jinsi mtu aliyekuwa hana viatu sasa amejenga nyumba ya bati. Mpwa anakaa siku tatu, anakwenda zake. Usiku wa nne yule baba anaota: mzee mwenye kanzu nyeupe anamwonyesha jiwe lenye mstari unaong'aa. Asubuhi anamwambia mkewe, "Mungu amenionyesha. Nauza mitamba wawili, naenda kutia fedha katika duara."

Je, ni Mungu? Mimi simcheki baba huyu. Umaskini si mchezo, na dhahabu ya Geita si hadithi. Ilichimbwa tangu miaka ya 1930, na mgodi mkubwa wa siku hizi ulianza kutoa dhahabu mwaka 2000. Kwenda kuchimba si dhambi. Lakini ndoto ni kama chungu: hupakua usiku kile ulichotia mchana. Baba huyu alilishwa dhahabu kwa masikio siku tatu. Angeota nini, michembe?

Hakuna Mkristo anayekana kwamba Mungu husema na watu. Lakini tazameni habari za mtoto Samweli hekaluni. Aliitwa usiku mara tatu, na mara tatu alidhani ni mzee Eli anayemwita. Aliichukua sauti ya Mungu kuwa ya mwanadamu. Sisi hukosa kwa upande wa pili: twaichukua sauti ya mwanadamu, mara nyingi yetu wenyewe, tukasema ni ya Mungu. Tena angalieni nani aliyemwongoza mtoto yule. Ni Eli, mzee asiyeona vizuri, ambaye wana wake mwenyewe walikuwa wamemshinda. Hata hivyo yeye ndiye aliyetambua. Basi usiseme, "Siwezi kumwuliza katekista wetu, naye ana makosa yake." Eli naye alikuwa nayo.

Katika Kanisa yuko mtu aliyelichunguza jambo hili kuliko wengi, naye hakuanza kama mtu wa sala. Mtakatifu Ignasi wa Loyola alikuwa askari wa Hispania, mpenda sifa. Mwaka 1521 alivunjwa mguu kwa risasi ya mzinga katika vita vya Pamplona, akalazwa kwao miezi mingi. Akaomba vitabu vya hadithi za mashujaa, havikuwamo nyumbani. Akapewa maisha ya Kristo na maisha ya watakatifu. Basi siku nyingine aliwaza juu ya bibi mkubwa mmoja na jinsi atakavyompendeza kwa ushujaa. Siku nyingine aliwaza juu ya kufanya kama Mtakatifu Fransisko na Mtakatifu Dominiko. Mawazo yote mawili yalimpendeza yalipokuwapo. Ila alianza kuona jambo hili: yale ya kwanza yakiisha kupita yalimwacha mkavu na mwenye uchovu, na yale ya pili yalimwacha na furaha iliyokaa. Hapo akajifunza kutotazama utamu wa wazo linapoingia, bali alama ya nyayo linapotoka. Mfugaji yeyote wa Usukuma aelewa: mnyama aliyeingia zizini usiku humjui kwa sauti tu, wamjua asubuhi kwa nyayo.

Baadaye alikutwa na jambo la hila zaidi. Alipokuwa Manresa akisali saa nyingi kila siku, alitenga saa chache tu za kulala. Alipojilaza tu yalimjia mawazo makubwa ya kiroho, mazuri, yenye faraja, mpaka usingizi ukamwisha. Akafikiri: mchana nina saa nyingi za Mungu, kwa nini haya yanakuja kuninyang'anya hizi chache? Akayakataa, akalala. Na huko Barcelona, aliposoma Kilatini na vijana wadogo, faraja za kiroho zilimzidi kila aliposhika kitabu, wala hakuweza kukariri kitu. Alikwenda kwa mwalimu wake akaahidi kutokosa tena masomo. Kumbe hata wazo takatifu laweza kuwa la adui, likikuondoa katika kazi uliyopewa! Mama anayeacha mtoto mwenye homa nyumbani kwa kuwa "Roho anamsukuma" kukesha katika maombi, na alitafakari hilo.

Sasa tuseme wazi habari za migodini. Tarehe 13 Januari 2024, huko Ng'alita, wilaya ya Bariadi, udongo uliporomoka ukaua wachimbaji 22. Mvua zilikuwa nyingi, na uchimbaji mahali pale ulikuwa umezuiwa kwa ajili ya usalama. Sisemi hayo kuwahukumu marehemu, tuwaombee. Nasema kwa ajili yako wewe ungojaye ishara kutoka mbinguni kama uingie shimoni au usiingie. Afisa madini akisema hapana, na matimba yakilia, umekwisha kuambiwa. Mungu aliyekupa akili na masikio hana lazima ya kutuma malaika kurudia neno lile lile.

Kuna sauti nyingine ambayo haihitaji kupimwa hata dakika moja. Ni sauti inayonyosha kidole kwa mtu. Mtoto amekufa, na baba anaota uso wa bibi kizee jirani. Au mpiga ramli anamtaja. Au macho yake ni mekundu, nayo yamekuwa mekundu kwa moshi wa jikoni wa miaka sitini. Katika nchi yetu ya Usukuma akina mama wazee wengi wamekatwa mapanga kwa "kuonyeshwa" kwa namna hiyo. Na wako waliowaambia wachimba dhahabu kwamba kiungo cha ndugu yetu albino huvuta mali. Mauaji yakazidi mpaka Serikali, Januari 2009, ikafuta leseni za waganga wa jadi nchi nzima, na mwaka 2015 ikapiga marufuku tena wapiga ramli. Sikiliza, ndugu. Mungu aliyesema usiue hawezi kukujia katika ndoto kukuambia nani auawe. Aliyekujia ni mwingine, hata kama alivaa kanzu nyeupe, hata kama ulikuwa umesali Rozari kabla ya kulala.

Huenda mtu akasema: "Lakini hata Bikira Maria hutokea, tena karibu nasi." Kweli. Hebu tuweke habari mbili kando kwa kando. Kanungu, Uganda, walikuwako Wakatoliki waliosema wanapata ujumbe wa Bikira Maria, na miongoni mwao alikuwamo padri. Hawakusikia maaskofu wao. Wafuasi waliuza mali wakawakabidhi viongozi, wakaishi kwa ukimya, wakiambiwa dunia itakwisha mwisho wa mwaka 1999. Haikwisha. Tarehe 17 Machi 2000 kanisa lao liliteketea kwa moto na watu ndani, nayo makaburi mengine yakafukuliwa baadaye. Waliokufa ni mamia.

Na Kibeho, Rwanda? Tarehe 28 Novemba 1981 msichana wa shule, Alphonsine Mumureke, alisema amemwona Mama wa Mungu. Wenzake wakamcheka. Askofu hakumkumbatia wala hakumfukuza. Mwaka 1982 aliweka tume ya waganga wa hospitali na tume ya wanateolojia wachunguze. Wakaja wengine wengi wakidai kuona na wao. Kanisa lilingoja, likauliza, likapima. Tarehe 29 Juni 2001, karibu miaka ishirini baadaye, Askofu Augustin Misago wa Gikongoro alitangaza kwamba maono yale ni ya kweli, akawakubali wasichana watatu tu. Wasichana hao walikubali kuulizwa na kupimwa. Wale wa Kanungu hawakukubali. Kama Kanisa lilitumia miaka ishirini kwa Kibeho, je, wewe huwezi kungoja majuma matatu kwa ajili ya mitamba wawili?

Basi yule baba afanye nini? Kwanza angoje, wala asiamue akiwa na hasira, njaa au furaha ya wageni. Asali, ndiyo, lakini asali akiwa tayari kujibiwa "baki nyumbani". Asiyekuwa tayari kwa majibu mawili hajauliza kitu. Ahesabu: karo ya watoto, chakula mpaka mavuno, deni la pembejeo. Amwulize mtu aliyechimba akapata hasara, maana waliopata hasara hawaji na pikipiki. Aende kwa padri au katekista, aseme yote, hata ile sehemu anayoona haya kuisema. Na huenda baada ya hayo yote asione ishara yoyote, akabaki na njia mbili zilizo halali. Hapo achague kwa akili yake, kwa amani, wala asimsingizie Mungu.

Asifanye kama Ignasi alivyofanya mwaka 1522, kabla hajajua mambo haya. Alikuwa na hasira juu ya Mwislamu mmoja waliyebishana naye njiani habari za Bikira Maria, asijue kama amfuate amchome jambia au amwache. Akalegeza hatamu, akamwachia baghala wake achague kwenye njia panda. Baghala akashika njia nyingine, na mtu yule akapona. Uzeeni Ignasi aliisimulia mwenyewe habari hii, ili watu waone jinsi roho yake ilivyokuwa bado kipofu.

Na wewe, mama wa nyumba, mumeo akiamka asubuhi na ndoto ya jiwe linalong'aa, usimpigie kelele wala usimcheke. Mpe uji. Kisha mwulize kwa upole: "Baba fulani, ndoto hiyo ilikujia kabla mpwa wako hajafika na pikipiki, au baada?"