Joto la Mshono Baada ya Upasuaji

Akina mama waliojifungua kwa upasuaji huuliza sana swali hili: "Sista, mbona mshono una joto na umevimba, na jana usiku nilipata homa? Je, kidonda kinaoza?" Neno hilo la kuoza limewanyima wengi usingizi.

Mpenzi msomaji, mwili haujui kwamba daktari alikata kwa nia njema. Kwake jeraha ni jeraha. Chembe zilizoumia hutoa kemikali za kuomba msaada. Mishipa midogo ya damu hutanuka, majimaji huvuja pembeni, na chembe nyeupe za damu hukimbilia hapo kula vijidudu na mabaki. Ndiyo sababu ya uvimbe, maumivu na wekundu (kwa ngozi zetu nyeusi wekundu hauonekani vizuri). Kemikali hizo hufika hata kwenye ubongo na kupandisha joto la mwili. Homa ndogo katika saa 48 za kwanza mara nyingi hutokana na hayo, lakini mwambie muuguzi akuchunguze.

Wakati huohuo, chembe nyingine za kinga, ziitwazo limfosaiti, hupungua katika damu kwa siku kadhaa, na mzazi huwa rahisi kuambukizwa. Mgeni mwenye mafua asubiri, hata akiwa wifi!

Ninazoziogopa zaidi ni siku ya 4 hadi ya 10, ambapo mama ameshafika nyumbani. Maumivu yapaswa kupungua kila siku. Yakizidi, mshono ukitoa usaha au ukifunguka, homa ikifika nyuzi 38, uchafu wa uzazi ukinuka, au mama akipumua haraka na kuchanganyikiwa, apelekwe hospitali saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku wa manane. Vidonge vya kubahatisha dukani vitamchelewesha tu.

Na kukandwa kwa maji ya moto je? Najua mama mkwe amekwisha bandika sufuria. Lakini mishipa midogo ya fahamu imekatwa, hivyo ngozi karibu na mshono huwa na ganzi. Mama aweza kuungua asisikie, na kitambaa chaweza kuleta vijidudu. Mshono wataka usafi na ukavu, basi. Mwambie kwa upole: "Mama, nikande mabega, tumbo tuliache kwanza."