Kimombo hakitaki aibu, kinataka mazoezi

Yeyote aliyehudhuria semina za vijana wa Afrika Mashariki anaifahamu picha hii. Mjadala ukifunguliwa kwa Kiingereza, wajumbe wa Nairobi na Kampala hunyoosha mikono. Wale wa Dodoma na Bujumbura huinamia madaftari. Wakati wa chakula cha mchana, Kiswahili kinaporejea, ndipo Mtanzania aliyekaa kimya asubuhi nzima anapotoa hoja nzito kuliko zote. Lakini amechelewa, maazimio yameshaandikwa.

Si jambo dogo hilo. Itifaki ya Soko la Pamoja inatumika tangu Julai 1, 2010, nayo inawaruhusu wafanyakazi kuvuka mipaka kutafuta ajira. Wahasibu, wahandisi na wasanifu majengo wana makubaliano ya kutambuana sifa. Hata hivyo, cheti humfikisha mtu mlangoni tu. Kwenye usaili anapimwa kwa anavyojieleza. Mwaka 2021 wakuu wa nchi waliridhia Kiswahili na Kifaransa kuwa lugha rasmi za Jumuiya pamoja na Kiingereza, hatua ya kupongezwa. Lakini waajiri wengi bado wanasaili kwa Kiingereza.

Chanzo cha ukimya huo si uvivu. Nchini Tanzania, mtoto wa shule ya msingi ya serikali husoma kwa Kiswahili, kisha akifika kidato cha kwanza hukutana na Kiingereza karibu katika kila somo. Rwanda iliamua mwaka 2008 kuacha Kifaransa, na walimu wengi wakajikuta wakifundisha kwa lugha ambayo wao wenyewe walikuwa wanajifunza. Hata Kenya inayosifiwa, mtahiniwa wa kidato cha nne huulizwa maswali ya matamshi na mazungumzo, lakini huyajibu kwa kalamu. Shule zetu zinapima mkono wakati usaili unapima ulimi.

Juu ya hayo kuna kicheko. Mwanafunzi akichapia mara moja, darasa zima linaangua kicheko, naye hafungui tena kinywa. Mtanzania anayelalamikia jambo hilo huwacheka naye Mkenya na Mganda wanapokosea ngeli za Kiswahili. Kila upande unaunyamazisha mwingine, kisha wote wanalaumu mtangamano kwa kwenda taratibu.

Dawa haihitaji ada kubwa. Walimu wa lugha wana zoezi moja rahisi: mtu aeleze habari ileile kwa dakika nne, kisha kwa tatu, kisha kwa mbili, kila mara kwa msikilizaji mwingine. Kwa kuwa hatafuti tena cha kusema, ulimi hupata kasi. Zoezi jingine ni kusikiliza taarifa ya habari redioni na kuirudia kwa sauti papo hapo, kisha kujirekodi kwa simu na kujisikiliza. La tatu ni kujifunza mafungu ya maneno yanayotumika pamoja, badala ya kukariri neno mojamoja.

Katika matamshi, mzungumzaji wa Kiswahili aanze na mkazo. Kwetu mkazo hukaa karibu kila mara kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Kiingereza hakina utulivu huo: neno "record" likiwa jina hukazwa mwanzoni, likiwa kitenzi hukazwa mwishoni. Aache pia kuongeza irabu mwishoni mwa kila neno. Zaidi ya hapo, hana sababu ya kuiga lafudhi ya London. Mganda ana lafudhi yake na Mkenya yake, nao wanaeleweka.

Vyuo vikuu vya ukanda huu vinaweza kusaidia bila kusubiri mkutano wa mawaziri. Mwanafunzi wa Makerere anahitaji Kiswahili. Wa Dodoma anahitaji Kiingereza. Wakiunganishwa kwa simu saa moja kwa wiki, nusu lugha hii na nusu lugha ile, kila mmoja atakuwa mwalimu na mwanafunzi. Sharti liwe moja tu: asiwepo wa kumcheka mwenzake.

Wahenga walisema mwanzo kokochi, mwisho nazi. Kiingereza cha kubabaika kilichosemwa leo ukumbini kina faida kuliko hoja safi iliyobaki daftarini.