Usiku Mmoja katika Nyumba ya Kale



Wazee walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mimi nilikuwa mgeni wa usiku mmoja tu, tena mgeni wa kulipa, kwa hiyo jembe halikunipata. Lakini nilipewa kitu kingine cha kuchukua nyumbani, nacho ndicho nitakachowagawia juma hili.

Mji nilioufikia unaitwa Cape May. Uko Marekani, kwenye ncha ya kusini ya jimbo la New Jersey, pale ghuba ya Delaware inapokutana na bahari ya Atlantiki. Katika karne ya 19 matajiri wa Philadelphia walikuwa wakienda huko wakati wa joto ili kuoga baharini na kupunga upepo. Kwanza walisafiri kwa meli. Mwaka 1863 wakapata na reli. Mahoteli makubwa ya mbao yalijengwa karibu na pwani. Halafu, tarehe 9 Novemba 1878, moto ulizuka ukateketeza sehemu kubwa ya mji. Wenyeji hawakukata tamaa. Walijenga tena, na mara nyingi wakapendelea majumba madogo kuliko yale mahoteli yaliyoungua. Ndiyo maana hata leo njia za mji ule zimejaa nyumba za zamani hizo.

Watu huziita nyumba hizo kwa jina la Victoria, malkia wa Uingereza aliyetawala tangu 1837 hata 1901. Ndiye yule ambaye Wazungu walilipa ziwa kubwa la Nyanza jina lake. Naye Leopold wa Pili, ambaye Kongo inamkumbuka kwa uchungu, alikuwa binamu yake. Mnaona, basi, kwamba majina hayo hayako mbali nasi kama tulivyodhani.

Nililala katika mojawapo ya nyumba hizo, iliyogeuzwa kuwa nyumba ya wageni. Desturi yake ni hii: mwenye nyumba anakaa humo humo, anakukodisha chumba cha kulala, na bei yake ina chai na chakula cha asubuhi ndani. Hakuna meza ya peke yako. Wageni wote hula pamoja, wajuane wasijuane.

Nyumba ilikuwa nzuri, sikatai. Ilipakwa rangi tatu au nne. Barazani palikuwa na viti vya kubembea, na juu ya nguzo mbao zilichongwa vyembamba vyembamba kama shanga za bibi arusi. Ndani, karatasi zenye maua zilibandikwa ukutani, na vitanda vilikuwa virefu hata mtu mfupi angehitaji kibao cha kupandia. Mwenye nyumba, bibi mzee mwenye sauti ya upole, alinionyesha kila kitu: saa ya ukutani, kinanda, picha za mwenye nyumba wa kwanza na mke wake.

Kisha akanipeleka kwenye chumba changu. Hatukupita kwenye ngazi pana za mbele, zenye mkono wa mti uliong'arishwa. Tulipita nyuma ya jiko, tukapanda ngazi nyembamba, za kusimama kama ukuta, hata darini. Chumba kilikuwa safi lakini kidogo. Dari ilikuwa chini hata nikainamisha kichwa.

"Nisamehe, ndugu," akasema bibi. "Hiki ndicho chumba cha bei ndogo. Zamani walilala watumishi hapa."

Usiku ule sikulala vema. Kila nilipofumba macho nilisikia mlio: ka! ka! Kama mtu anapanda ngazi polepole. Nilijiambia, "Wewe mtu mzima, usiogope." Lakini moyo ulinidunda. Asubuhi nilimwuliza bibi, naye akacheka. Kumbe ni mbao tu. Mchana jua huzipasha moto nazo hutanuka. Usiku hupoa, hujikaza, hulia. Nyumba ya mbao haizeeki kimya.

Mezani tulikuwa watu wanane. Mmoja wao alikuwa mzee mweusi, Mmarekani, mwenye mvi na suti ya heshima, pamoja na mjukuu wake msichana. Bibi alipoanza kutusimulia habari za tajiri aliyejenga nyumba, mzee alisikiliza kwa adabu hata mwisho. Ndipo alipoweka kijiko chake chini, akasema:

"Bibi yangu alifua mashuka katika nyumba za mji huu. Aliingia kwa mlango wa nyuma. Alitandika vitanda vya vyumba vya mbele miaka mingi, wala hakulala juu yake hata usiku mmoja. Kwa hiyo mwaka huu nililipa chumba cha mbele. Nilitaka kulala mimi kwa ajili yake. Lakini usingizi ulikataa."

Watu walinyamaza. Mzee akanigeukia: "Ndugu, nasikia wewe umelala juu. Naweza kukiona chumba kile?"

Nilimpa ufunguo. Alipanda ngazi za nyuma kwa shida, akishika ukuta, na mjukuu akimfuata. Nilibaki chini. Walikaa huko karibu robo saa. Waliposhuka, msichana alikuwa ameshika mkono wa babu yake, na wote wawili hawakusema neno. Mwenye nyumba naye alisimama mlangoni pa jiko, kitambaa mkononi. Mwishowe akasema, "Mzee, sijui majina ya waliolala kule. Picha za wenye nyumba ninazo. Za wale wengine sina hata moja." Mzee akamjibu, "La bibi yangu ninalo. Lete karatasi." Akamwandikia.

Baadaye mzee alinialika tutembee pamoja mpaka njia inayoitwa Lafayette. Huko pana nyumba ndogo, iliyokuwa ya mchungaji wa kanisa la Wabaptisti weusi. Siku hizi ni nyumba ya makumbusho ya Harriet Tubman, iliyofunguliwa kwa watu wote mwaka 2021. Mama huyo alizaliwa mtumwa katika jimbo la Maryland, akatoroka mwaka 1849. Wakati wa joto wa mwaka 1852 alifanya kazi ya upishi huko Cape May. Alipika vyakula vya wageni waliokuja kustarehe, akaweka fedha zake senti kwa senti. Fedha hizo zilikuwa za nini? Si za nguo wala za kujenga. Zilikuwa za safari. Mwaka ule ule, majira ya majani kuanguka, alirudi katika nchi ya utumwa, akatoa watu tisa akawapeleka kwenye uhuru. Katika safari zake zote aliwaokoa watu wapatao 70. Alifariki mwaka 1913.

Ng'ambo ya njia iko nyumba ya Stephen Smith, mtu mweusi aliyezaliwa utumwani, akawa mfanya biashara tajiri wa Philadelphia na adui wa utumwa. Alijijengea nyumba hiyo ya kupumzikia mwaka 1846. Na si mbali iko shule ya njia ya Franklin, iliyojengwa mwaka 1928, ambamo watoto weusi walitengwa na wenzao weupe mpaka mtengo huo ulipoondolewa baada ya katiba mpya ya jimbo ya mwaka 1947.

Mwaka 1970 wenyeji wa Cape May walikusanyika kuokoa nyumba moja kubwa ya mwaka 1879, ya daktari Physick, iliyotaka kubomolewa. Walifaulu, na mwaka 1976 serikali iliutangaza mji mzima kuwa mahali pa historia ya taifa. Kazi nzuri hiyo. Lakini mzee alinionyesha pia mahali palipokuwa na nyumba za watu weusi, zilizobomolewa tangu miaka ya 1960 katika mpango wa kuufanya mji upya. Hizo hazikupata wa kuziokoa. "Waliziona nyumba zetu kuwa kuukuu," alisema, "na zao kuwa za kale."

Wasomaji, maneno hayo nimeyachukua nyumbani. Kuukuu na kale: miaka ni ile ile, linalobadilika ni jicho la anayetazama. Nasi tunazo nyumba zetu za kale: nyumba ya babu kijijini, shule ya kwanza, stesheni ya reli, majengo ya kambi za wafanya kazi. Tukizitunza, tusitunze ngazi za mbele tu. Tuulize ni nani aliyechoma matofali, nani aliyebeba maji, nani aliyefua. Ninyi wanafunzi, mwendapo nyumbani likizoni, chukueni daftari, mkae karibu na bibi zenu, mwandike majina wakiwa bado wanayakumbuka. Karatasi moja yatosha.

Nilipoondoka Cape May, nilipita barazani kuaga. Kwenye ukuta wa ukumbi, chini ya picha ya tajiri na mke wake, bibi alikuwa amekwisha bandika karatasi ndogo yenye jina moja la mwanamke, kwa mwandiko wa mzee.

Tuonane juma lijalo.