Bei ya mfuko si gharama ya kuku: hesabu ya chakula kwa wafugaji wa Bagamoyo

Na Mwandishi Wetu

MFUGAJI wa kuku wa nyama anayefika kwenye duka la vyakula vya mifugo Kerege, Mapinga au Bagamoyo mjini hukabiliwa kwanza na swali la bei. Tofauti ya shilingi elfu kumi kati ya mfuko mmoja wa kilo 50 na mwingine huonekana papo hapo. Matokeo ya tofauti hiyo huonekana wiki ya tano, siku mnunuzi kutoka Dar es Salaam anapofika na mizani yake.

Uchaguzi huo ni mzito kuliko unavyoonekana, kwa kuwa chakula huchukua takriban asilimia 60 hadi 70 ya gharama zote za kumkuza kuku wa nyama. Kifaranga, chanjo, mkaa wa kutia joto bandani, maranda na ujira wa mhudumu hugawana kinachobaki.

Tuchukue mfano wa hesabu, kwa bei za kukadiria tu. Mfugaji ana kuku 500 na anataka kila mmoja afikie kilo mbili. Chakula cha kwanza kinauzwa shilingi 75,000 kwa mfuko, na kuku hula kilo 1.7 ili kuongeza kilo moja ya uzito. Cha pili kinauzwa shilingi 65,000, lakini kwa kuwa ni hafifu, kuku hula kilo 2.1 kupata uzito ule ule. Kundi zima litamaliza mifuko 34 ya chakula cha kwanza, yaani shilingi 2,550,000. Kwa chakula cha pili litamaliza mifuko 42, yaani shilingi 2,730,000. Aliyedhani ameokoa shilingi elfu kumi kila mfuko amepoteza shilingi 180,000, kabla hata ya kuhesabu siku za ziada ambazo kuku wake watakaa bandani wakila, wakinywa na pengine wakifa. Ili chakula hicho cha pili kilingane na cha kwanza, mfuko wake ungepaswa kushuka hadi kama shilingi 60,700.

Jambo la kusikitisha ni kwamba wafugaji wengi wadogo hawana namba hiyo ya pili. Huandika idadi ya mifuko iliyonunuliwa na idadi ya kuku waliouzwa, bila kupima uzito. Pasipo mizani, kulinganisha chakula kimoja na kingine ni kubahatisha.

Wapo wanaokwepa duka na kuchanganya wenyewe: mahindi au pumba, mashudu ya alizeti, dagaa, chokaa, chumvi na virutubisho. Njia hii inaweza kulipa. Ugumu wake kwa ukanda huu wa pwani ni kwamba malighafi nyingi husafiri mbali. Mashudu hutoka zaidi Singida na Dodoma, mahindi Nyanda za Juu Kusini, dagaa wengi Ziwa Victoria, na nauli ya lori hulipwa na mfugaji.

Mtego mkubwa zaidi umo kwenye protini. Mahindi yana protini ya asilimia 8 hadi 9. Mashudu ya alizeti yasiyokobolewa vizuri yana takriban asilimia 26. Mashudu ya soya yana kama asilimia 45. Kuku anayekua anahitaji mchanganyiko wenye protini ya asilimia 20 hivi. Kwa mahindi na mashudu ya alizeti peke yake, kufikia kiwango hicho kunadai karibu theluthi mbili ya mchanganyiko iwe mashudu. Kwa soya, chini kidogo ya theluthi moja inatosha. Hata pale protini ya alizeti inapokuwa rahisi kwa kila kilo, mashudu yake yana nyuzinyuzi nyingi na upungufu wa laisini, kirutubisho ambacho kuku wa nyama hawezi kukua haraka bila kukipata. Tumbo la kifaranga ni dogo. Likijazwa makapi, halina nafasi ya chakula chenye nguvu.

Kwa hiyo soya ndiyo kiini cha suala hili, na hapo ndipo maslahi ya mfugaji wa Bagamoyo yanapokutana na ya mkulima wa Ruvuma. Mwaka 2020 China ilifungua soko lake kwa soya ya Tanzania. Kwa mkulima hiyo ni habari njema, na hakuna sababu ya kumnyima bei nzuri. Hata hivyo, punje inaposafirishwa ikiwa ghafi, mashudu yake nayo huondoka, na mwenye kiwanda cha chakula cha kuku hulazimika kuyatafuta nje ya mipaka. Kukamua mafuta hapa nchini kungewaachia wafugaji mashudu. Nafuu ya kodi pekee haiwezi kuziba pengo hilo, ingawa ina nafasi yake: bajeti ya mwaka 2017/18 ilisamehe Kodi ya Ongezeko la Thamani kwa vyakula vya mifugo vinavyotengenezwa nchini.

Mlaji naye yumo katika hesabu hii. Mwaka 2006 Serikali ilizuia uingizaji wa kuku kutoka nje ili kuikinga nchi dhidi ya mafua ya ndege. Soko linapokuwa la wafugaji wa ndani, gharama ya chakula cha kuku huishia kwenye sahani ya chipsi kuku.

Ubora nao una upande wa sheria. Sheria ya Nyanda za Malisho na Rasilimali za Vyakula vya Mifugo ya mwaka 2010 inasimamia utengenezaji na biashara ya vyakula hivyo. Wakala ya Maabara ya Veterinari Tanzania (TVLA), yenye makao yake makuu Temeke, hupima sampuli. Kwa anayechanganya mwenyewe, dagaa ndio wa kupimwa kwanza, maana wakianikwa chini huja na mchanga, na mchanga huo hulipiwa kwa bei ya protini. Mahindi yenye ukungu yasiingizwe kabisa kwa kisingizio kwamba ni ya kuku. Sumukuvu iliyoua watu Dodoma na Manyara mwaka 2016 ilitoka kwenye mahindi, na kuku huathirika vilevile.

Unyevu wa pwani huongeza hatari hiyo. Wakati wa masika, mifuko iliyolazwa sakafuni bila vichanja huanza kuota ukungu upande wa chini. Joto nalo lina gharama yake: kuanzia Desemba hadi Machi kuku hupunguza kula mchana, hivyo hulishwa alfajiri na jioni, na chakula hafifu huwaumiza zaidi kwa kuwa kidogo wanachokula hakitoshelezi mahitaji yao.

Kundi linalokusudiwa kuuzwa mkesha wa Krismasi huingia bandani takriban Novemba 19, joto likiwa linapanda. Anayetaka majibu ya maabara kabla ya kuchanganya chakula cha kundi hilo inampasa kupeleka sampuli mapema, vifaranga wakiwa bado hawajaagizwa.