Breki za Trela Kwanza

Naafikiana na wasemao kwamba Land Cruiser mpya huishinda Land Rover kuukuu. Walakini sisi tutokao Bungoma, penye kimo cha mita 1,400 hivi, tukipandisha trela ya kulalia hadi Kitale, karibu mita 1,900, kisha lango la Chorlim katika mbuga ya Mlima Elgon, twafahamu kuwa dizeli isiyo na turbo hudhoofika hewa ikipungua. Taabu kubwa zaidi ni kuteremka. Mwaka jana, wakati wa masika, trela yangu isiyo na breki ilinisukuma matopeni, wanangu wakiwa garini, nikanusurika kwa rehema za Mola. Ndugu msomaji, kabla ya kununua gari, tia trela breki, na shehena nzito ikae mbele kidogo ya ekseli.