Mtoaji Mkubwa Si Muumini Mkubwa

Kuna imani iliyozoeleka makanisani kwetu hata haihojiwi tena: kwamba anayetoa fedha nyingi ndiye anayelijenga kanisa, kwa hiyo anastahili kuheshimiwa kuliko wenzake. Ndiyo maana siku ya harambee viti vya mbele hupambwa kwa vitambaa kumsubiri mgeni rasmi, na bibi aliyewahi ibada tangu alfajiri huombwa asogee nyuma. Ndiyo maana katibu husoma majina kwa kufuata ukubwa wa kiasi: wa milioni hupigiwa vigelegele, wa laki hupigiwa makofi, wa elfu mbili huishia kwenye "na wengineo".

Imani hii ni potofu, na kanisa lilikwisha kuikemea mapema. Waraka wa Yakobo, sura ya 2, unamweleza tajiri mwenye pete ya dhahabu anayepewa kiti kizuri, huku maskini akiambiwa asimame kule au aketi chini. Yakobo anauita huo ubaguzi. Paulo naye aliwakemea Wakorintho kwa sababu kwenye meza ya Bwana wengine walishiba na kulewa, wengine wakabaki na njaa, na wasio na kitu wakaaibishwa. Hata tukipima kwa utoaji, Yesu alisema mjane wa senti mbili aliwapita matajiri wote, kwa kuwa alitoa riziki yake yote.

Watetezi wa desturi hii husema mabati na saruji hununuliwa kwa fedha, na kwamba kumtaja mtoaji huwatia wengine moyo. Ni kweli kanisa linahitaji fedha, na aliyetoa ashukuriwe. Lakini shukrani isigeuke cheo. Anayenunua sifa leo atadai kipaza sauti kesho. Kenya wameyaona hayo. Mwaka 2021 Askofu Mkuu Jackson Ole Sapit wa Kanisa Anglikana aliwapiga marufuku wanasiasa kuhutubia kutoka mimbarini. Novemba 2024 Askofu Mkuu Philip Anyolo wa Jimbo Kuu Katoliki la Nairobi aliukataa mchango ambao Rais William Ruto aliutoa katika kanisa la Soweto, akaagiza urudishwe.

Ubaya wa imani hii huonekana zaidi msibani. Mama amefagia kanisa kila Jumamosi, amefua na kunyoosha vitambaa vya altare, na mgonjwa akilazwa, yeye ndiye wa kwanza kufika na chupa ya uji. Siku anapofariki, viongozi wanauliza kadi yake ya zaka. Wanawe wanaacha kulia, wanapekua masanduku na kuinua godoro wakiitafuta, wakihofia mama yao atazikwa bila padri. Wanaouliza hivyo wakumbuke kwamba Sheria ya Kanisa Katoliki ya mwaka 1983, kanuni ya 1181, inakataza upendeleo katika mazishi na inataka maskini wasinyimwe maziko yanayostahili. Kadi haijawahi kuandika kazi aliyoifanya mama yule, na kazi hiyo ndiyo iliyoshikilia jumuiya.

Wazee wa kanisa, mapadri na wachungaji, haya yamo mikononi mwenu. Someni majina ya waliochanga bila kutaja viwango. Viti vya mbele wapeni wazee, wajawazito na wenye ulemavu. Wekeni njia ya kiti cha magurudumu kabla ya kununua spika mpya. Watajeni wafagiaji na wapishi kwenye matangazo yaleyale mnayowataja wafadhili. Na maskini akifariki, nendeni mkamzike kwa kengele, kwaya na mahubiri, kama mnavyomzika tajiri. Kanisa linaloshindwa kufanya hivyo limeacha kumtii Bwana wake, hata kama jengo lake limekamilika.